Watoto wa Hailsham na Mlango wa Laqit

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa tahakiki za vitabu vya fiqhi na tarehe. Safari hii tumechukua riwaya, tena ya Kiingereza, iliyoandikwa na mtu asiyekuwa Mwislamu, na ambayo ndani yake hatukumwona hata mhusika mmoja anayesali. Tumeichukua kwa sababu mas'ala iliyomo ni ya kifiqhi kabla ya kuwa ya fasihi: je, inajuzu kumzalisha binadamu kwa njia ya nakala, akalelewa, akasomeshwa, kisha akakatwa viungo kimoja baada ya kimoja ili wengine wapone? Iko na sababu ya pili, inayowahusu maimamu wetu na yale yanayosemwa juu ya mimbari. Hiyo tutaifikia.

Riwaya yenyewe ni Never Let Me Go ya Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki mwaka 1954, aliyepelekwa Uingereza na wazazi wake akiwa na umri wa miaka 5, na ambaye mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu kilitoka mwaka 2005, na mwaka 2010 kikafanywa filamu na mwongozaji Mark Romanek. Msimulizi ni mwanamke wa miaka 31 aitwaye Kathy H., anayekumbuka maisha yake katika shule ya bweni ya Hailsham, mahali pazuri penye viwanja na bwawa, alikokulia pamoja na wenzake Ruth na Tommy. Watoto wa Hailsham hawana baba wala mama. Hata jina la ukoo hawana, ila herufi moja tu. Taratibu sana msomaji anatambua kuwa wao ni nakala za watu wengine, na kwamba wakishakuwa watu wazima watatoa viungo vyao mara moja, mara mbili, mara tatu, na wachache mara nne, mpaka wafe. Kufa kwenyewe hakuitwi kufa, kunaitwa kukamilika. Kathy kazi yake ni kuwauguza wenzake waliokwisha anza kukatwa, huku naye akingojea zamu yake.

Tuseme kwanza lililo zuri, nalo si dogo. Mwandishi hakutia ndani ya kitabu chake hata daktari mmoja katili, wala mlinzi mwenye bunduki. Wanaohusika wote ni watu wapole. Walimu wanawapenda wanafunzi. Wauguzi wana adabu. Dhuluma imepewa majina laini, na kwa majina hayo inapita mlangoni bila kubishiwa hodi. Mwaka huohuo wa 2005 Hollywood ilitoa filamu ya The Island ya Michael Bay juu ya maudhui hayohayo: matajiri wanalipia nakala zao zifugwe chini ya ardhi kama akiba ya maini na mioyo, nakala mbili zinatoroka, kisha magari yanakimbizana na vioo vinavunjika. Filamu ile inamstarehesha mtazamaji, maana mwovu anajulikana na mwishowe anapigwa. Ishiguro hatupi raha hiyo. Hakuna anayetoroka Hailsham. Wasomaji wengi wameliona hilo kuwa kasoro, wakauliza mbona hawakimbii. Sisi tunaona ndilo jambo la kweli zaidi katika kitabu, kwani aliyelelewa tangu utotoni akiambiwa kuwa mwili wake ni wa wengine ataona fahari kuutoa vizuri, na Kathy kweli anaona fahari kwamba wagonjwa wake hutulia.

Kasoro tunayoiona iko kwingine, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Karibu na mwisho wa kitabu Kathy na Tommy wamesikia uvumi kwamba wawili wakithibitisha kuwa wanapendana kwa dhati huahirishiwa kukatwa kwa miaka mitatu. Wanakwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akija shuleni kuchukua michoro bora ya watoto, nao wamebeba michoro ya Tommy ya wanyama iwe ushahidi. Hapo wanakutana na aliyekuwa mwalimu wao mkuu, Bi Emily, sasa mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Anawaambia ukweli: kuahirishiwa hakujapata kuwako hata siku moja. Michoro ilikusanywa kwa ajili ya maonyesho, ili waheshimiwa wa nje waione na wakubali kwamba watoto wale wana roho. Huo ndio uliokuwa wema wa Hailsham kuzishinda nyumba nyingine za nakala, ambako, kama anavyodokeza, hali ilikuwa ya kutisha. Baadaye watu walitishwa na habari za mwanasayansi aliyetaka kuzalisha watoto wenye vipaji kupita kawaida, misaada ikakatika, na Hailsham ikafungwa.

Swali la Bi Emily, kwamba je hawa wana roho au hawana, linabaki hewani mpaka kitabu kinakwisha, na hakuna mhusika anayesema kuwa swali lenyewe ni batili. Msomaji analizwa kwa sababu Tommy anachora na Kathy anapenda muziki. Na yule wa nyumba nyingine, aliyefugwa gizani, asiyejua kushika kalamu? Riwaya inamtaja kwa neno moja na kupita. Hatusemi kwamba Ishiguro anamtetea Bi Emily. Ameonyesha wazi jinsi wema wake ulivyokuwa mdogo. Lakini kitabu chenyewe kimetufundisha kuwahurumia walewale ambao Bi Emily aliwachagua, na kwa kipimo kilekile.

Fiqhi haikuanzia hapo. Aliyesoma Minhaji ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), na katika pwani yetu wako wengi walioisoma mbele ya masheikh wao, anakumbuka mlango wa laqit, yaani mtoto aliyeokotwa ambaye hajulikani wazazi wake. Mlango ule hauulizi mtoto ana akili gani wala ametokana na nini. Unaanza na wajibu wa wengine: kumwokota ni faradhi ya kifaya, kwa hiyo mji mzima unapata dhambi akiachwa. Kisha unawajibisha kushuhudisha, aliyemwokota awaite mashahidi, na mafakihi wakaeleza sababu: asije mtu baadaye akadai kuwa ni mtumwa wake. Mali aliyokutwa nayo ni yake. Asipokuwa na mali, anatunzwa na baitul mali, na isipowezekana basi na Waislamu. Na asipokiri mwenyewe utumwa, yeye ni muungwana mpaka aletwe ushahidi wa kinyume.

Kwa mizani hiyo, watoto wa Hailsham wana mlango wao katika fiqhi tangu zaidi ya miaka mia saba. Atasema mtu kwamba kiasi hiki kina kasoro, kwa kuwa laqit ana wazazi wasiojulikana, na nakala anajulikana alikotoka seli yake. Ni kweli, na mas'ala ya nasaba yake ni magumu: mwenye seli ni baba yake au ni kama pacha wake? Mwenye yai ana haki gani? Aliyebeba mimba ana nguvu ya hoja kutoka aya ya 2 ya Suratul Mujadila, inayounganisha umama na kuzaa. Lakini ugumu wa nasaba hauigusi damu. Laqit naye nasaba yake haijulikani, na hakuna fakihi aliyesema kuwa kwa sababu hiyo figo yake ni halali.

Twende mbele zaidi, kwenye mlango wa vyakula, pale maulamaa wanapozungumzia aliyefikwa na dharura ya njaa. Hapa pana hazina, na tunasikitika kwamba wengi wanaoandika juu ya upandikizaji wa viungo wanapita haraka wakitaja tu kanuni ya dharura kuhalalisha yaliyokatazwa. Mafakihi waliuliza: mwenye kufa njaa akimkuta binadamu aliye hai, amle? Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) katika Al-Mughni anajibu kwamba aliye maasum, yaani aliyehifadhiwa damu yake kisharia, hauawi kwa ajili hiyo wala hakatwi kiungo, kwa sababu naye ni mtu kama yeye na haijuzu kujiokoa kwa kumwangamiza. Nawawi katika Minhaji ameona ni sahihi zaidi kwamba mtu anaweza kukata sehemu ya mwili wake mwenyewe aile akilazimika, kwa masharti, lakini ni haramu kujikata kwa ajili ya mwingine, na ni haramu kumkata maasum mwingine kwa ajili yake. Mafakihi wa leo walioruhusu mtu aliye hai kutoa figo kwa hiari wamelazimika kuijibu ibara hiyo, na wameijibu kwa hoja ya kwamba tiba imebadilika na madhara kwa mtoaji yamepungua. Sehemu ya mwisho, ya kumkata mwingine bila haki, hakuna aliyeigusa.

Hatutaficha kwamba vitabu hivyo vinawatoa baadhi ya watu katika hifadhi hiyo, kama harbi na murtadi, na kwamba maulamaa wamehitilafiana katika upambanuzi wake. Hizo ni hukumu za hali ya vita ya zama zao, na si mahali pake kuzichambua hapa. La kuangalia ni wapi mstari ulipigwa. Ulipigwa penye vita na ahadi ya amani. Haukupigwa kwenye namna mtu alivyozaliwa, wala kwenye kipaji chake.

Na katika Al-Majmuu, Nawawi anataja jambo ambalo lau Ishiguro angelijua lingemfaa. Anasema haijuzu kwa mzazi kumuua mwanawe ili amle, wala kwa bwana kumuua mtumwa wake ili amle. Kwa nini azitaje sura hizo mbili? Kwa sababu katika madhehebu ya Shafi mzazi hauawi kwa kisasi cha mwanawe, wala bwana kwa mtumwa wake. Mtu angeweza kudhani: maadamu kisasi hakipo, basi penye dharura njia iko wazi. Nawawi anaifunga njia hiyo. Kutokuwapo kwa adhabu hakukuondoa uharamu.

Sasa tuwatazame wanaosubiri viungo katika riwaya na katika filamu. Hoja yao haitoki nje ya sura hizo mbili. Ama mwenye seli atasema: huyu ametokana na mimi, mimi ni kama mzazi wake, bila mimi asingekuwapo. Ama kampuni au dola itasema: sisi tumemtengeneza, tumemlisha na kumvika, ni mali yetu. Zote mbili zimejibiwa, tena na watu ambao hawakuwahi kuona darubini.

Iko hoja ya tatu, ya hesabu: mtu mmoja akikatwa wanapona wanne au watano. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) aliigusa katika Al-Mustasfa alipokuwa akiweka mipaka ya maslaha. Akatoa mfano wa watu walio chomboni, wakimtupa mmoja baharini watasalimika na wasipomtupa watazama wote. Hakuruhusu. Wala hakuruhusu wenye njaa wapige kura wamle mmoja wao. Wasomaji wetu wanaosafiri kwa majahazi wanajua kinachotupwa dhoruba inapozidi: shehena. Nawawi naye ameandika kuwa mizigo hutupwa, na yawajibika kutupwa pakitarajiwa kuokoka kwa abiria. Hesabu ya Hailsham imemhesabu abiria kuwa shehena.

Sasa tuifikie ile sababu ya pili tuliyoiahidi.

Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwezi Julai 1996 na habari zake zikatangazwa Februari 1997. Alikuwa mmoja aliyefanikiwa kutokana na majaribio 277. Tangu siku zile tumesikia mawaidha mengi ambayo msingi wake ni mmoja: kwamba unakili ni kushindana na Mwenyezi Mungu katika kuumba. Wengine wakaongeza kwamba binadamu wa namna hiyo akizaliwa hatakuwa na roho, au atakuwa kiumbe wa shetani. Nia ya wasemaji ilikuwa kuilinda itikadi. Lakini tuyapime maneno hayo kwa kitabu hiki mkononi. Kama nakala hana roho, Bi Emily alikuwa akipoteza wakati wake na wenye hospitali ndio waliosema kweli. Imamu anayetangaza kuwa nakala si mtu amempa mpasuaji ruhusa ambayo hata Uingereza ya riwaya iliona haya kuitamka wazi.

Na maneno hayo hayakutoka kwa maulamaa waliolichunguza jambo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu ilikutana Jeddah katika kikao chake cha 10, kuanzia Juni 28 hadi Julai 3, 1997, ikatoa azimio namba 94. Iliharamisha unakili wa binadamu kwa njia zote mbili, ya kupandikiza kiini na ya kugawa kiinitete, na ikaruhusu kwa masharti katika mimea na wanyama. Lakini ndani ya azimio hilohilo imeelezwa wazi kwamba unakili si uumbaji wala sehemu ya uumbaji, kwa kuwa aliyefanya hivyo ametumia tu vilivyokwisha umbwa na kwa kanuni zilizowekwa na Muumba. Sayyid Muhammad Husayn Fadlallah wa Beirut (aliyefariki 2010), aliyekuwa na msimamo mlaini zaidi, naye aliliona kuwa si kushindana na Mungu. Uharamu wake kwa Majmaa unatokana na kuvurugika kwa nasaba na familia na kuvunjiwa heshima binadamu. Mapacha wa kufanana ni nakala wa kimaumbile tangu dunia ianze, na hatujasikia mama akiuliza yupi kati yao mwenye roho. Aya ya 59 ya Aal Imran nayo inatukumbusha kuwa kuumbwa kwa njia isiyo ya kawaida hakumpunguzii mtu daraja.

Atakayesema kuwa haya ni mambo ya kubuni tu, tumwambie yaliyotokea. Mpaka leo hakuna uthibitisho kwamba binadamu wa nakala amepata kuzaliwa. Madai ya kikundi kimoja mwezi Desemba 2002 hayakuletewa ushahidi. Nchini Korea Kusini, Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kuwa amepata seli shina kutoka viinitete vya nakala, ikagundulika kuwa ni uongo, na makala zake zikafutwa Januari 2006. Katika uchunguzi ilibainika pia kuwa wanawake wa maabara yake mwenyewe walitoa mayai yao. Jambo lenyewe lilifanikiwa kweli huko Oregon, Marekani, mwaka 2013. China ilitangaza nyani wawili wa nakala mwezi Januari 2018. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Machi 8, 2005 tamko la kukataza unakili wa binadamu, kwa kura 84 dhidi ya 34, na 37 hazikuegemea upande. Ni tamko lisilofunga. Majmaa ya Fiqhi ya Makka, katika kikao chake cha 17 mwezi Desemba 2003, iliruhusu seli shina za watu wazima na za kitovu cha mtoto, ikakataza zile zinazopatikana kwa kutoa mimba makusudi au kwa unakili wa tiba. Na tangu Shinya Yamanaka wa Japani alipoonyesha mwaka 2006 na 2007 kuwa seli ya kawaida yaweza kurudishwa katika hali changa, udhuru wa kuhitaji viinitete umepungua sana. Hata figo ya nguruwe, ambayo ilipandikizwa kwa mgonjwa aliye hai huko Boston mwezi Machi 2024 na ambayo mafakihi watabishana juu ya unajisi wake, kwa mizani ya mlango wa dharura ni nyepesi kuliko figo ya mtoto aliyelelewa ili akatwe.

Zaidi ya hayo, Hailsham haihitaji maabara. Mwaka 2025 waandishi wa Ujerumani walifichua jinsi vijana maskini wa Kenya walivyouza figo zao kwa fedha kidogo, zikapandikizwa kwa wageni wenye uwezo. Azimio namba 26 la Majmaa, la Februari 1988, lilikwisha haramisha kuuza kiungo, likaacha tu suala la mgonjwa aliyelazimika kutoa mali liangaliwe kwa ijtihadi. Kijana yule naye huambiwa maneno laini: umejitolea, umesaidia. Tofauti yake na Tommy ni kwamba yeye ana jina la ukoo.

Kuhusu kusomwa kwa kitabu hiki: kina habari za mahusiano nje ya ndoa, zilizosimuliwa bila haya wala lawama, na filamu imeyaonyesha, kwa hiyo hatukipendekezi kwa watoto wa madrasa. Tunawapendekezea walimu wa fiqhi na wanafunzi waliokomaa wajuao Kiingereza. Katika darsa nyingi mlango wa laqit hurukwa kwa hoja kwamba watoto wa kuokotwa siku hizi hupelekwa serikalini. Tungependa mwalimu atakayeufikia mwaka huu asiuruke, na akifika kwenye wajibu wa kuweka mashahidi awaulize wanafunzi wake nani angeitwa kushuhudia pale Hailsham.